Mla Chambo wa Matrah

Soko la samaki la Matrah sikulipenda tangu siku ya kwanza, na nasema hivyo nikiwa mtu niliyekwenda huko karibu kila asubuhi. Soko lenyewe lilikuwa ufukwe tu. Samaki walimwagwa juu ya mchanga na juu ya vipande vya mikeka, jua likawapiga, nzi wakawatembelea, na paka wa mji mzima wakakaa pembeni kama wenye hisa. Wauzaji walichutama nyuma ya samaki wao na majambia viunoni, na ukisimama mbele ya mmoja wao hakwambii karibu. Anakutazama viatu, kisha kanzu, kisha anageuza uso. Mimi nilizoea Darajani, kwetu Unguja, ambako muuza samaki hukuita shemegi hata kama hamjapata kuonana, akakuapia kwamba changu huyu alikuwa anapumua sasa hivi. Ni mwongo, lakini mwongo mwenye adabu.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba. Tulifika Oman mwaka wa sitini na tano, mwaka mmoja baada ya mapinduzi ya kwetu, mimi na mama yangu, na masanduku mawili na mbuzi ya kukunia nazi, ambayo mama alikataa kuiacha Unguja hata nilipomwambia kuwa tunakokwenda minazi haioti. Baba alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma, kwa maradhi, kitandani kwake, na watu waliona kuwa alipata bahati. Yeye alizaliwa Oman, akavuka bahari angali kijana, akaoa Unguja, hakurudi tena. Kwa hiyo mimi nilikuwa Mmanga mtoto wa Mmanga. Kule tulikotoka neno hilo lilitosha kumtia mtu mashakani. Huku tulikofika halikutosha hata kutupatia chumba. Hapa jina langu lilikuwa Zinjibari, na walilitamka kama mtu anayetema kokwa ya tende.

Kwa nini niliendelea kwenda sokoni basi? Kwa sababu sikuwa na kazi, na kwa sababu lilikuwa pahala pekee mjini ambapo nilielewa ninachokiona. Vichochoro vilinipoteza, Kiarabu chao kilinipita masikioni kwa kasi, lakini nguru ni nguru popote. Nilimjua jodari, nilimjua kolekole, nilimjua tasi. Siku ya pili nikaona dagaa wameanikwa, marundo kwa marundo, nikafurahi moyoni, nikauliza kipimo bei gani. Muuzaji akaniuliza nina ngamia wangapi. Nikasema sina ngamia. Akaniuliza ng'ombe je. Ndipo nilipofahamu kuwa dagaa wale walikuwa chakula cha wanyama, na kwamba watu watatu waliokuwa karibu walikuwa wanangoja nimalize kusema ili wacheke. Walicheka. Sijawasamehe, na wengi wao nadhani wameshakufa.

Tena nilikuwa na ada ya kwetu. Samaki sinunui kwa macho. Nitamfunua mashavu nitazame kama ndani ni mekundu, nitambonyeza tumbo, nitamnusa. Unguja asiyefanya hivyo huuziwa kilichooza na watu wakasema amestahili. Matrah nilipomfunua nguru mashavu, mwenyewe alinipiga mkono. "Umepoteza kitu humo?" akaniuliza. Kwake yeye nilikuwa nimemwita mwizi mbele ya wenziwe. Nilimwelewa, lakini sikuacha. Kila nilipopigwa mkono ndivyo nilivyozidi kufunua.

Jambo lililotukalia rohoni siku hizo lilikuwa moja. Wakubwa wa bandari walituruhusu kukaa mpaka meli ya barua itakapopita tena. Ikiwa kufikia hapo wazee wa kabila la baba hawajaandika barua ya kushuhudia kwamba mimi ni mtoto wa mtu wao, tungepakiwa. Kwenda wapi, hakuna aliyetuambia. Unguja hatukuweza kurudi. Kuna watu tuliokuja nao ambao walipakiwa, na mama aliwaaga ufukweni akarudi nyumbani akalala mchana kutwa.

Jamaa yetu alikuwa mmoja tu, binamu wa baba, ambaye mimi namwita ami. Alikuwa na duka Matrah. Huyu hakuwa mgeni kwetu hata kidogo. Miaka ya nyuma alikuwa akija Unguja kila msimu na mizigo ya papa mkavu, akifikia nyumbani kwetu, akikaa wiki nne, wiki tano, na nyumba nzima ikinuka papa mpaka mapazia. Mama alimfulia, alimpikia, alimtolea mto wake mwenyewe. Kiswahili chake alikipata pale pale kwetu, kwenye mkeka wa chakula. Na chakula alichokipenda kuliko vyote kilikuwa pweza wa nazi. Alikuwa akila mpaka anafuta sahani kwa mkate, kisha anaita kuelekea jikoni: "Shemegi, hakijabaki?"

Tulipofika Matrah alitupokea mlangoni mwa duka, si ndani. Chumba alitutafutia, hilo siwezi kulikana. Lakini hakuwahi kutualika kwake, na tukikutana njiani alinisemesha kwa Kiarabu tu, upesi upesi, kama anayemjibu mwombaji. Siku kumi kabla ya meli alikuja akasema atawaleta wazee wawili Ijumaa baada ya sala. Watakula kwetu, watanitazama, wataniuliza mambo ya baba. Wakiridhika wataandika.

Mama aliposikia, uso ukamchangamka, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu tushuke melini.

"Pweza," akasema.

"Mama, huku sijamwona mtu anakula pweza."

"Hujamwona kwa kuwa hawajui kumpika. Amiyo nnamjua mimi anapenda nini. Akila, moyo wake utakumbuka nani alikuwa akimlisha." Halafu akainua kidole. "Na ulete nguru mkubwa, kwa hao wazee. Pengine wao hawapendi pweza. Usisahau nguru."

Nazi alizipata kwa Baniani mmoja aliyezileta kutoka Malabar. Alikwenda kwake siku tatu mfululizo mpaka akamuuzia mbili.

Ijumaa asubuhi nikaenda sokoni. Pweza nilimkuta kwa mvuvi mmoja aliyekuwa ananyoosha mishipi yake. Alikuwa nao watatu ndani ya debe la maji ya chumvi. Nikamwambia nataka wote.

"Unakwenda kuvua?" akaniuliza.

"Nakwenda kula."

Alinitazama, akatazama debe, akanitazama tena. Kisha akasimama akaita kwa sauti ya mtu anayeadhini: "Njooni mumwone Zinjibari anayekula chambo!"

Wakaja. Wallahi walikuja hata waliokuwa na wateja. Mmoja aliniuliza kama na ndoana nazila. Mwingine akasema sasa amefahamu kwa nini tumefukuzwa. Nilitoa pesa, mvuvi akakataa kuzishika. Alisema haimpendezi kumuuzia binadamu kitu kile, nichukue tu. Akanitundikia pweza wale watatu mkononi, minyiri yao ikaning'inia mpaka magotini na kunirowesha kanzu ya Ijumaa. Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawa moto.

Katika hali hiyo ndipo nikaenda kwa muuza nguru. Alikuwa ndiye yule yule aliyekuwa akinipiga mkono. Akaniambia niweke uchafu wangu mbali kwanza. Mimi nikaenda moja kwa moja nikamfunua nguru wake mashavu, kwa makusudi, huku namtazama yeye machoni. Akanisukuma. Nikamwambia maneno ambayo Kiarabu changu kibovu kiliyatoa sawasawa bila kosa hata moja: kwamba wao walipokuja kwetu walikuja wananuka papa, nasi tukawapa maji ya kuoga na sahani za kulia.

Hakunipiga. Alimvuta nguru wake nyuma, akamfunika kwa gunia, akasema, "Huyu hauzwi kwako." Kisha akaelekeza mkono upande wa kulia na wa kushoto. "Wala wa huyu, wala wa yule." Na kweli, nilipokwenda kwa wa pili, akafunika wa kwake. Wa tatu pia akafunika. Mtu mmoja mwenye ndevu nyeupe, sikumjua, akanishika kiwiko akaniambia taratibu, "Omba radhi, uchukue samaki wako uende." Lilikuwa ni neno moja tu. Ningelisema, ningerudi na nguru, na pengine nisingekuwa na kisa cha kueleza. Nikamwondoa mkono nikaenda zangu.

Mama alikuwa ameshakuna nazi. Akawapokea pweza kwa furaha, akawageuza, akasifu ukubwa wao. Kisha akatazama nyuma yangu.

"Nguru yuko wapi?"

"Hakuna leo."

"Ijumaa, Matrah, hakuna nguru?"

"Hakuna, mama."

Alinitazama kanzu iliyorowa, akanitazama uso. Akawachukua pweza uani, akaanza kuwapiga juu ya jiwe kuwalainisha, na wanawake wa chumba cha pili wakatoka kuangalia huyu mwanamke anampiga nani.

Walikuja baada ya sala, ami na wazee wawili. Mmoja alikuwa na pete ya mhuri kidoleni, na ndiye aliyekuwa mwenye neno. Mwenziwe alikuwa akiitikia tu. Chumba kilikuwa kimoja, kwa hiyo mama alikaa nyuma ya shuka tuliyoitundika katikati. Mazungumzo yote yalikuwa kwa Kiarabu. Mzee wa mhuri akaniuliza jina la babu, la baba wa babu, la mama wa baba, la falaji, ule mfereji uliokuwa ukinywesha mitende yao. Nilijibu yote. Baba alinifundisha mambo hayo tangu utoto, na nilikuwa nikiyachukia, na siku ile nilimwombea rehema kwa kila moja. Mzee akaitikia kwa kichwa. Ami akajilegeza. Nikaona mambo yamekwisha.

Nikaleta sinia. Wali ulikuwa mweupe, umetulia, na juu yake mchuzi mzito wa nazi wenye binzari, na harufu yake ilikuwa ya kwetu kabisa, hata mimi nilisahau hasira. Wakasema bismillahi. Mkono wa ami ulitangulia. Nilimwona kwa macho yangu, ulikwenda moja kwa moja kwenye kipande kinono. Mzee wa mhuri akainua kipande chake, akakigeuza, akaona vile vikombe vidogo vya pweza vimejipanga.

"Hiki nini?"

Nikamwambia.

Akakirudisha. "Kumbe ni wewe," akasema. Habari za sokoni zilimfikia msikitini kabla ya hotuba. Mwenziwe akaitikia, ndio, ni yeye.

Mkono wa ami uliganda juu ya kile kipande. Kisha taratibu ukarudi, ukachukua wali mtupu pembeni mwa sinia. Nilimtazama ili aseme. Neno moja tu lingetosha, aseme nilikula kwao, ni kitamu, onjeni. Akasema, "Mimi chakula hiki sikijui."

"Babako nilimjua," mzee wa mhuri akaniambia. "Tulikuwa pamoja utotoni. Nyumba yao haili chambo, na sijui mtu wa kabila letu anayekila. Sasa niambie, kijana. Mtu huyo unayemwita babako alikuwa akila hiki?"

Swali lilikuwa na shimo pande zote mbili. Baba alikuwa akila pweza kila wiki. Nikisema alikula, basi si mtu wao, na mimi si mtoto wa mtu wao. Nikisema hakula, wataniuliza basi mimi nimekirithi kwa nani. Lakini mimi wakati huo nilikuwa sitazami shimo. Nilikuwa namtazama ami, na nilishafungua mdomo niseme alikula, na huyu hapa alikula naye, na akafuta sahani.

"Mwanangu," mama akasema nyuma ya shuka, kwa Kiswahili. "Nyamaza. Nifasirie."

Kiarabu cha kusema mama hakuwa nacho, ingawa cha kusikia alikiambulia. Sauti yake ilikuwa tulivu, kama anayetuma mtu dukani.

"Waambie marehemu hakukigusa hata siku moja. Waambie ni chakula changu mimi. Akinikataza, nami nikila nyuma yake."

Sikufasiri.

"Waambie mimi mtu wa shamba. Sina asili, sikufunzwa. Waambie mtoto hana makosa, kalishwa na mimi."

Mama yangu alikuwa binti wa mwalimu wa chuo, mtu wa Mjini, ambaye watoto wa nusu ya mtaa walijifunza Kurani mbele yake, na mama mwenyewe alihitimu kabla ya kaka zake. Hakuwa mtu wa shamba. Na angekuwa mtu wa shamba, pia asingestahili kusema vile. Niliamua nitafasiri vingine. Nitasema mama anaomba radhi kwa chakula, basi. Nikainua uso nikakutana na macho ya ami, na nikakumbuka kuwa anaelewa kila neno.

"Mfasirie kama alivyosema," akaniambia.

Nikafasiri. Nilisema kwa mdomo wangu kwamba mama yangu hana asili. Nilisema hakufunzwa. Nilisema alimficha mumewe. Kiarabu changu ambacho asubuhi kilitukana bila kosa, mchana kilinikwama kila neno, na mzee mara mbili alinitaka nirudie, nami nikarudia.

Mzee akapumua. Uso ukamlainika, nusu kwa huruma. "Basi," akasema, "wanawake wa huko tunawasikia." Wakala wali mtupu kwa ndimu na tende, wakanawa, wakashukuru Mungu. Ami alikuwa wa mwisho kutoka. Mama akamwambia kwa nyuma ya shuka, "Shemegi, utusamehe kwa chakula." Alikuwa anavaa viatu. Alivaa, akatoka.

Nilipoondoa shuka nilimkuta mama ameshika mkeka kwa vidole, ameubana. Nikamwambia, "Nguru alikuwepo, mama. Nligombana nao, wakanikatalia."

"Nnajua," akasema. "Lete sinia, tule, chakula kisipoe."

Sikuweza kula. Yeye alikula.

Siku ya Jumanne ami alimpa mtu barua atuletee, hakuja mwenyewe. Ilikuwa karatasi moja, mhuri chini. Niliisoma nimesimama mlangoni. Wanashuhudia kwamba huyu ni fulani mwana wa fulani mwana wa fulani, wa kabila lao, wamemtambua bila shaka, na kwamba anafuatana na mwanamke mmoja aliyemlea, ambaye yuko chini ya dhamana yake.

Nikaisoma mara ya pili, kwa kuwa niliona nimekosea.

"Wamesemaje?" mama akauliza kutoka ndani.

"Wamekubali."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Mimi, na mama yangu."

"Hebu nione."

Nilimpa kwa sababu nilijua Kiarabu cha barua hakifahamu. Akakaa karibu na mlango penye mwanga, akaiweka karatasi mapajani. Akaanza kupitisha kidole kutoka kulia, mstari kwa mstari, midomo inacheza, kama alivyokuwa akifanya kila alfajiri na Msahafu. Alipofika kwenye mhuri akarudi juu, akaanza tena. Nikauliza anatafuta nini.

"Neno la mama," akasema. "Nnalijua. Limo ndani ya Kurani, mamake Musa. Nimeisoma yote, hapa halimo."

Nikamnyang'anya karatasi. Nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili, na tayari pembeni imeshaanza kupasuka, ndipo aliponishika mikono yote miwili kwa nguvu ambazo sikujua kama anazo.

"Ukiichana," akaniambia, "n'takuwa nimejitukana bure."

Meli ilikuwa ije Alkhamisi. Jumatano asubuhi nikaipeleka kwa wakubwa wa bandari.